Umeme wa jua wa nyumbani wenye betri na gridi

Umeme wa jua wa nyumbani wenye betri na gridi ni mfumo unaoiwezesha nyumba moja kutumia vyanzo vitatu: paneli za sola zilizo juu ya paa, betri, na waya wa shirika la umeme. Mafundi huuita pia mfumo wa haibridi. Nchini Tanzania hufungwa hasa na watu ambao tayari wana umeme wa TANESCO lakini hawataki kukaa gizani unapokatika, kama ilivyotokea wakati wa mgao wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Makala hii inatumia mfano wa Tunduma, mji wa mkoa wa Songwe ulio mpakani na Zambia.

Sehemu za mfumo

Paneli hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme wa mkondo mnyoofu. Kidhibiti chaji huzuia betri isijazwe kupita kiasi. Inveta hugeuza mkondo mnyoofu kuwa mkondo geu wa volti 230 na hezi 50, sawa na ule wa TANESCO. Katika inveta nyingi za haibridi, kidhibiti chaji kimo ndani yake.

Mchana paneli hulisha vyombo vya nyumbani kwanza, na ziada huingia kwenye betri. Jioni betri hulisha nyumba. Ikishuka hadi kiwango kilichowekwa na fundi, inveta huhamia kwenye umeme wa gridi.

Umeme wa gridi unapokatika

Watu wengi hudhani kwamba mwenye paneli hawezi kukosa umeme. Si hivyo. Inveta ya gridi isiyo na betri hujizima yenyewe mara gridi inapokatika, hata kama jua ni kali. Haijaharibika, imeundwa hivyo kwa makusudi.

Sababu ni usalama. Transfoma ya mtaani hushusha umeme kutoka volti 33,000 au 11,000 hadi volti 400 na 230, lakini hufanya kazi kinyume pia. Umeme wa nyumba moja ukirudi kwenye nguzo, unaweza kupandishwa na transfoma hiyo na kumuua fundi aliyepanda akiamini kwamba waya hauna umeme.

Inveta ya haibridi hukata kwanza muunganisho na gridi, kisha huendelea kulisha nyumba kwa betri na paneli. Mahali ambapo inveta haina uwezo huo, lazima iwepo swichi ya kubadilishia chanzo (chenjiova) ambayo haiwezi kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja. Kuchomeka inveta kwenye soketi ya ukutani ili "kurudisha" umeme nyumbani ni hatari kwa maisha.

Kukadiria ukubwa

Taa 6 za wati 9 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 270. Runinga ya wati 60 kwa saa 4 hutumia 240. Friji ndogo inaweza kutumia takriban 700 kwa siku. Jumla ni wati-saa 1,210.

Paneli ya wati 400 ikipata saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 2,000. Baada ya kutoa robo inayopotea njiani hubaki 1,500. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 1,200. Betri ya lithiamu huvumilia kutumiwa zaidi. Pasi, hita na jiko la umeme humaliza betri haraka.

Tunduma iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo paneli huinamishwa kidogo kuelekea kaskazini. Mawingu ya masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, hupunguza umeme. Kiangazi anga ni jeupe, lakini vumbi la barabara huganda kwenye paneli, nazo huhitaji kuoshwa.

Gharama na mita

Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Nyumba ya mfano hapo juu hutumia takriban uniti 36, yaani shilingi 3,600. Kwa bei hiyo, mfumo haurudishi gharama yake upesi kwa kupunguza LUKU. Faida yake kubwa ni kuwa na umeme wakati wa kukatika.

Kanuni za EWURA za mwaka 2018 zilifungua njia ya mteja kupeleka ziada kwenye gridi kwa mkataba na kwa mita inayohesabu pande zote mbili. Bila mkataba huo, inveta huwekwa isirudishe umeme nje. Baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umetumika, na mwenye nyumba huishia kulipia jua lake mwenyewe.