Makinda wa Siberia kwenye tope la Mida

Anayetaka kuwatazama ndege wa pwani katika hori ya Mida, karibu na Watamu, kwanza ajue maji. Yakipwa sana, ndege hutawanyika mbali kwenye tope hadi wakawa nukta tu. Maji yanapoanza kujaa, husogezwa hatua kwa hatua kuelekea mikoko, na mwenye darubini aliyetulia huwaona vizuri bila kuwafuata. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, maelfu ya vitwitwi huwasili pwani yetu wakikimbia baridi ya kaskazini.

Miongoni mwao yupo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kwa chini. Wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Uzito wake ni kama gramu 60, na huzaliana kwenye nyanda za Aktiki za Siberia. Mtazame vizuri mgongoni. Ndege aliyekomaa manyoya yake yamechakaa kingoni, na kifuani huenda amebakiwa na mabaka mekundu ya msimu wa kuzaa. Kinda ni msafi: kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe hafifu, mgongo mzima ukaonekana kama una magamba.

Kinda huyo hakuletwa na mzazi. Madume huondoka Siberia mapema Julai, majike hufuata, na watoto hubaki wakila wadudu mpaka wapate mafuta ya safari. Basi njia ameijuaje?

Mtafiti Mholanzi A. C. Perdeck alitoa sehemu kubwa ya jibu mwaka 1958, kwa ndege wa aina nyingine. Walikamatwa kwezi zaidi ya 11,000 waliokuwa wakipita Uholanzi, wakasafirishwa hadi Uswisi na kuachiwa. Wakubwa walirekebisha safari, wakaelekea kwenye makao yao ya kawaida ya majira ya baridi. Makinda walishika uelekeo uleule ambao wangeushika Uholanzi, wakaishia Ufaransa ya kusini na Hispania. Uelekeo wamezaliwa nao. Kurekebisha njia hujifunza kwa kusafiri.

Si ndege wote wanaowaacha wana wao hivyo. Papo hapo Mida utamwona ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene. Huyu huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja, joto la mchanga likimsaidia kuliatamia. Mtoto wake huja Afrika pamoja na wazazi, na miezi kadhaa baadaye bado anawaandama akipiga mluzi wa kuomba chakula. Kaa si mlo mwepesi wa kujifunza.

Kwa yule wa Siberia, idadi ya makinda ina habari ya kusimulia. Huko Aktiki wapo panya wadogo waitwao lemingi, ambao wingi wao hupanda na kushuka kila baada ya miaka michache. Wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba panya. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga, na msimu huo makinda wanaofika Afrika huwa wachache mno. Kwangu mimi hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote pwani hii: neema au njaa ya mbweha wa Siberia inasomeka kwenye tope la Mida.

Na usomaji huo sasa una uzito zaidi. Mwaka 2024 ndege huyu aliingizwa katika kundi la viumbe walio katika hatari (Vulnerable) kwenye orodha ya kimataifa ya IUCN. Mwaka mmoja wa makinda wachache ni kawaida yake. Miaka mibaya ikifuatana ni hasara ambayo kundi zima hulipa.

Kwa hiyo ukifika Mida, usihesabu ndege kwa jumla tu. Tenga makinda na wakubwa, na ufanye hivyo kabla Novemba haijasonga mbele, kwa maana kufikia hapo wote huwa wanabadili manyoya kuwa ya kijivu, na kuwatofautisha huwa kazi ngumu hata kwa mzoefu.