Silaha ya Kujilinda: Ipi ya Kwanza, Ipi ya Mwisho?

 

Ndugu zetu wa Mwanza na wa mialo ya Ziwa Victoria huuliza sana: Muislamu akitaka kujilinda, awe na silaha gani, na ngapi? Anayeuliza ni mwenye duka, mnunuzi wa dagaa anayevuka ziwa na fedha za watu, mvuvi anayehofia nyavu na mashine ya boti lake, na hata imamu. Wana haki ya kuuliza. Mei 2016, katika mtaa wa Ibanda Relini jijini Mwanza, watu watatu, akiwemo imamu, waliuawa msikitini wakati wa sala ya Isha na wavamizi wenye mapanga. Tutajibu kwa fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi, inayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, kisha kwa sheria ya nchi.

Hukumu ya kumzuia mvamizi

Mvamizi katika fiqhi huitwa saail. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi yenye maana kuwa anayeuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Lakini wanachuoni hawakuliacha jambo hili wazi. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kuitetea mali isiyo na roho ni ruhusa, si wajibu. Ama kuitetea heshima ya mwanamke ni wajibu. Na mtu akiweza kuokoka kwa kukimbia, kukimbia ndiyo wajibu wake, na kupigana kunakuwa haramu. Kwa hiyo mvuvi anayewaachia majambazi mashine ili abaki hai hana lawama kisheria, wala si mwoga.

Ngazi za kuzuia

Msingi mkuu wa mlango huu ni kuanza na lililo jepesi: maneno kwanza, kisha kuomba msaada kwa watu, kisha mkono, kisha fimbo, na kuua ni mwisho kabisa, pale tu panapokosekana njia nyingine. Aliyefuata ngazi hizi na mvamizi akafa, hana kisasi wala dia. Aliyeruka ngazi bila ya dharura, anadhamini. Na mvamizi akigeuka kukimbia, hapigwi tena, kwani uvamizi umekwisha.

Tazama basi: silaha ya kwanza ni sauti, na ya pili ni jirani. Wenyeji wa Usukuma wanalijua hili. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ujambazi na wizi wa ng'ombe ulizidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 likazuka Sungusungu katika maeneo ya Kahama na jirani zake. Walikuwa na pinde na mishale, lakini nguvu yao ilikuwa yowe na filimbi: ikilia, kila mwanamume hutoka. Hata hivyo baadhi yao walivuka mpaka, wakapiga na kuua watuhumiwa bila ya hukumu. Hilo ni dhulma, hata kama aliyeuawa alikuwa mwizi kweli.

Mbwa naye anaingia katika ngazi hizi. Hadithi imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na kauli sahihi zaidi kwa Mashafi ni kuwa mbwa wa kulinda nyumba anaruhusiwa kwa kiasi, pamoja na kuchunga twahara.

Na msikitini? Surat an-Nisaa aya ya 102 imetufundisha sala ya khofu: kundi moja linasali, jingine linalinda. Penye hofu ya kweli, wawekwe walinzi mlangoni kwa zamu, wasali baadaye. Hilo ni bora kuliko bunduki ndani ya mihrabu. Na kukata sala ili kuokoa roho ni wajibu.

Ikibidi bunduki

Anayehitaji bunduki kwa haja ya kweli, moja inamtosha. Bunduki ya masafa marefu haifai mitaani, kwani risasi yake huenda zaidi ya kilomita moja na kupenya ukuta wa jirani. Bunduki ya marisau hupoteza nguvu mapema zaidi, nayo ni nafuu kwa mlinzi wa ghala au shamba. Lakini karibu inaua, na marisau husambaa. Bastola hubebeka, lakini ni ngumu kulenga bila mazoezi, na ni rahisi kuporwa au kuchezewa na mtoto. Gobore la kienyeji liepukwe: hupasuka mikononi, na kulimiliki bila ya kibali ni kosa.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna kumiliki bila ya leseni. Sheria hii ina maslaha kwa watu, hivyo kuitii ni wajibu. Nayo Sheria ya Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujitetea kwa nguvu inayostahiki tu. Anayeua kwa kuzidisha ana kosa la kuua bila kukusudia. Hapa sheria ya nchi na fiqhi zinakaribiana sana. Mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe. Serikali imekuwa ikitoa msamaha kwa wanaosalimisha, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023.

Adabu zake

Mtume (S.A.W.) amemtaka anayepita msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake, amekataza kupeana upanga uliochomolewa, na ametuonya tusimwelekezee ndugu silaha hata kwa mzaha. Kwa kukisia hayo, bunduki ifungiwe, risasi ziwekwe mbali nayo, na isionyeshwe kwa fahari. Asiyemudu hasira zake asiwe nayo kabisa.

Basi anayetaka kununua silaha ajiulize kwanza: nikipiga yowe usiku huu, nani atatoka? Akikosa jibu, aanze kwa majirani kabla ya kwenda dukani.

Allah atulinde sisi na familia zetu. Wallahu a'lam.