SUMAKU ISIYOVUTA MSUMARI

Mpenzi msomaji, ukiambiwa kuna sumaku isiyovuta hata msumari, huenda ukacheka na kusema huo ni utani wa bwenini. Lakini ndugu yangu, ipo! Mfano ni oksidi ya nikeli. Kila atomi ya nikeli ni kisumaku kidogo, ila jirani yake anatazama upande wa pili. Ni kama timu mbili zenye nguvu sawa zikivuta kamba: jasho linatiririka, kamba haisogei ng'o. Mfaransa Louis Néel alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1970 kwa kazi yake juu ya mambo haya.

Je, mpangilio huu uliofichika tutaujuaje? Kwa eksirei! Kumbe si ya mifupa iliyovunjika tu. Eksirei ikimulikwa kwenye fuwele, hugonga elektroni na kutawanyika, kisha vidoa hutokea mahali maalumu. Vidoa hivyo hutuonyesha atomi zimejipanga vipi.

Hebu fikiria paredi ya asubuhi. Wote wakitazama mbele, kila mwanafunzi ni sawa na mwenziwe. Wakipishana, huyu mbele huyu nyuma, mpangilio hujirudia baada ya wanafunzi wawili. Vivyo hivyo, visumaku vikipishana, vidoa vipya huzuka pale palipokuwa patupu. Oksidi ya nikeli ikipashwa moto kupita nyuzi 250 hivi za Selsiasi, visumaku huvurugika, na vidoa hivyo hutoweka.

Taabu ni kwamba vidoa hivi ni hafifu mno, mamilioni ya mara kuliko vile vya kawaida. Hata hivyo, mwaka 1972 huko Grenoble, Ufaransa, de Bergevin na Brunel walivinasa kwa mtambo wa kawaida wa eksirei. Subira hiyo si mchezo! Baadaye ikatumiwa sinkrotroni, mtambo unaozungusha elektroni kwa kasi ajabu zikatoa eksirei kali. Mwaka 1988, wataalamu waliochunguza metali ya holmiamu waliona kwamba nishati ya miale ikichaguliwa barabara, vidoa vya sumaku huongezeka nguvu mara 50 hivi.

Faida yake? Vichwa vya kusomea diski za kompyuta hutumia sumaku hizi "zisizovuta" kuzuia tabaka la pili lisigeuke ovyo.

Basi wenzangu, Afrika bado haina sinkrotroni hata moja. Nani ataijenga kama sisi tunalikimbia somo la Fizikia? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.