Kitabu cha Manjano Katika Kila Nyumba ya Tokyo

Tarehe 1 Septemba, mwaka 1923, zikiwa zimebaki dakika mbili kutimia saa sita za mchana, akina mama wa Tokyo walikuwa wamekwisha koka mkaa kwa ajili ya chakula. Ndipo ardhi ilipotikisika. Nyumba za mbao ziliyaangukia majiko, na moto ukaenea mtaa hata mtaa. Watu wapatao 105,000 walipoteza maisha yao katika jiji hilo na sehemu za jirani, na walio wengi hawakuuawa na tetemeko bali na moto. Katika kiwanja kimoja cha wazi, palipokuwa zamani na bohari ya mavazi ya jeshi, familia zilikimbilia huko pamoja na magodoro, nguo na masanduku yao. Mizigo hiyo ikashika moto. Hapo pekee walikufa watu wapatao 38,000.

Serikali ya jiji la Tokyo ilichagua tarehe hiyo hiyo, mwaka 2015, kuanza kugawa bure kitabu cha kujikinga na maafa kwa kila nyumba. Ni kitabu cha jalada la manjano, chenye kurasa zaidi ya 300, na pamoja nacho ramani ya eneo analokaa mwenye nyumba. Mwaka 2023 kilisahihishwa na kugawiwa tena. Kikaragosi chake ni kifaru, kwa kuwa neno la Kijapani la kinga ya maafa huishia kwa sauti ile ile inayomtaja mnyama huyo. Mzaha mdogo, lakini watoto hawausahau.

Jambo la kupendeza ni kwamba mafundisho yenyewe hubadilika. Kwa miaka mingi Wajapani walifundishwa kuwa ardhi ikitikisika, kitu cha kwanza ni kuzima moto. Siku hizi wanaambiwa wajikinge wao kwanza, kwani mita za gesi hujifunga zenyewe tetemeko likiwa kubwa, na anayekimbilia jikoni nyumba ingali ikiyumba aweza kumwagikiwa na mafuta ya moto.

Mji wa Kobe nao ulitoa somo. Mwaka 1995, tarehe 17 Januari, tetemeko liliwakuta watu vitandani kabla ya mapambazuko. Walikufa zaidi ya watu 6,400, wengi wao wakikandamizwa na nyumba na makabati. Hata baadaye, umeme uliporudi, uliwasha moto katika nyumba zilizoachwa. Ndiyo maana Wajapani wanahimizwa kufunga makabati ukutani, kuweka viatu karibu na kitanda kwa sababu ya vioo, na kuzima swichi kuu kabla ya kuihama nyumba.

Kuhusu akiba, mtu mmoja huhesabiwa lita 3 za maji kwa siku, kwa muda usiopungua siku tatu. Kwa baba, mama na watoto wawili hizo ni lita 36, yaani kama madebe mawili. Na ikiwezekana, akiba ya juma zima. Chakula si lazima kiwe cha ajabu. Mama hununua vile vile anavyonunua daima, ila huzidisha kidogo. Cha zamani huliwa kwanza, kipya huwekwa nyuma. Kwa mwenye mshahara mdogo, nadhani huu ndio ushauri wa busara kupita yote, maana hakuna kinachooza wala fedha inayolala.

Lililo gumu zaidi ni kutafutana. Baba yuko kiwandani, watoto shuleni, na simu zimeelemewa. Kwa hiyo kila nyumba inatakiwa ikubaliane mapema mahali pa kukutania. Ipo pia namba 171, ambayo mtu huipiga akaacha sauti yake, na jamaa zake wakaisikiliza kwa kutumia namba ya simu ya nyumbani. Kila tarehe 1 na 15 ya mwezi namba hiyo hufunguliwa kwa mazoezi, na mtoto wa shule aweza kumwachia bibi yake salamu za sekunde 30.