Kofia si mahali pa kujifunzia: Kitambaa cha mishono tisa huko Kibosho



Katika nyumba moja ya Kibosho, katikati ya migomba na mibuni, imo kofia ya mkono iliyodariziwa nusu. Upande mmoja umejaa viua na matawi ya hariri nyeupe. Upande wa pili una mistari ya penseli tu. Aliyeianza ni bibi yetu, mzaliwa wa Tanga aliyepanda mlima huu akiwa bibi harusi. Alikusudia mjukuu wake aivae siku ya ndoa. Kabla hajafika katikati, uoni wake ukafifia, na miwani haikumsaidia tena. Mkono wake ungali unajua, ila jicho haliuoni uzi.

Sisi wakazamwana wake, wajukuu na majirani, tulidhani kazi iliyobaki ni nyepesi. Tunajua kushona. Tulifundishwa shuleni kudarizi vitambaa vya meza na vya makochi, na nyumba zetu zimejaa kazi hiyo. Basi mmoja wetu akaichukua kofia akaiendeleza. Viua vitatu vikararuka, na nguo ikaacha tundu lisilo na umbo. Bibi aliipapasa kwa ncha ya kidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wanangu, kofia si mahali pa kujifunzia. Leteni kitambaa."

Ndivyo lilivyoanza darasa letu la kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, barazani, kabla ukungu wa mlimani haujashuka na vidole kuwa vigumu kwa baridi.

Kitambaa alichokitaka bibi ni kipande cha marekani, nguo ya pamba iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19 hata ikachukua jina la nchi yao. Tulikinunua Moshi mjini. Tukachora mistari tisa, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa upana wa vidole vitatu. Sharti lilikuwa kwamba kila mstari ni mshono mmoja tu, na hakuna kuhamia mstari wa pili kabla bibi hajaupitishia kidole ule wa kwanza na kuridhika.

Njia hii si ngeni katika umma wetu. Katika jumba la makumbusho la Ashmolean, mjini Oxford, Uingereza, kuna mkusanyo mkubwa wa nguo zilizodariziwa nchini Misri, uliokusanywa na mtaalamu Percy Newberry. Miongoni mwake vimo vitambaa vya zama za Mamluk, waliotawala Misri tangu 1250 hadi 1517. Baadhi yake si nguo za kuvaliwa wala mapazia. Ni vipande vya kitani ambavyo juu yake mtu alijaribu mapambo mbalimbali, moja hapa, jingine kule, bila mpango wa kuyaunganisha. Majina ya waliovishona hayakubaki, lakini mishono yao inasomeka hadi leo.

Mmoja wa mishono hiyo ndio ulioshika mstari wetu wa pili. Sindano huenda kama mtu apigaye bandi, ikiacha nafasi zilizo sawa. Kisha hugeuka na kurudi kwa njia ileile, ikijaza kila nafasi iliyoachwa. Mwishoni mstari huwa mmoja usiokatika, na upande wa nyuma hufanana na wa mbele. Huko Ulaya mshono huu umepewa jina la Hans Holbein, mchoraji wa karne ya 16, kwa kuwa unaonekana katika mavazi ya watu aliowachora. Wanawake na wanaume wa Misri walikuwa wakiushona kabla Holbein hajazaliwa.

Tulidhani mshono huo ni rahisi, nao ukatuchukua Jumamosi mbili. Ukikosea nafasi moja katika safari ya kwenda, kosa hilo hukungojea katika safari ya kurudi, na upande wa nyuma hukuumbua. Bibi hakuutazama upande wa mbele hata mara moja. Alikuwa akikigeuza kitambaa, anapapasa nyuma, anatuambia fundo liko wapi.

Mstari wa tano ndio uliotutoa jasho, nao ni kiua, kile kile kilichotushinda katika kofia. Kosa letu lilikuwa mkasi. Tulikuwa tukikata nguo ili kupata tundu, na nyuzi zilizokatwa haziwezi kubeba mshono. Bibi alitufundisha kutokata chochote. Kwanza huzungushwa mishono midogo kwa duara lisilozidi punje ya mtama. Kisha sindano nene hupenyezwa katikati ili kuzisukuma nyuzi za nguo kando bila kuzikata. Halafu uzi hupanda tunduni na kushuka nje ya duara, mshono ukiegemea mshono, kila mmoja ukivutwa kwa nguvu ileile. Tundu hushikwa na uvutaji huo. Ukilegeza hufumba, na ukizidisha nguo hukunjamana.

Wenzetu wa pwani wanalijua jambo hili kwa urithi. Zanzibar, Pemba na Lamu, kofia za mkono hushonwa majumbani na wanawake, na kofia moja yaweza kuchukua wiki nyingi au miezi. Ng'ambo ya bahari, Waomani huvaa kumma, kofia ya jamaa moja na yetu, nayo hupambwa kwa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi. Matundu hayo ni pambo, tena hupitisha hewa kichwani. Huku Kibosho, ambako Waislamu ni wachache, hakuna bibi katika kila nyumba wa kumwuliza. Kofia za mashine zinapatikana mjini kwa bei nafuu, na hatuwalaumu wanaozinunua, kwani waume zetu nao huzivaa. Lakini mashine haitamalizia kofia iliyoanzwa na mkono.

Hapa kuna ufundi tulioupata kwa kukosea, nao waweza kumfaa msomaji. Bibi alitaka tujifunze kwa uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, kama kofia yenyewe. Hatukuona tulichokifanya. Tulipomwomba ruhusa ya kutumia uzi wa buluu, makosa yote yakajitokeza, na tukaanza kuendelea. Weupe juu ya weupe tuliuacha kwa mstari wa mwisho. Pili, usifumue kila kosa. Ukishona vibaya, acha, anza upya pembeni yake. Katika mstari wetu wa tano viko viua kumi na vinne, na anayevitazama kwa mfuatano huona mkono ukijifunza. Tatu, pembezoni mwa kila mstari tumeandika kwa penseli jina la mshono kama bibi anavyouita, na hatua zake kwa maneno machache. Atakayekishika kitambaa hiki tukiwa hatupo atajua pa kuanzia.

Kitambaa hiki hatukukitundika upande wa kibla. Tunakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuivua nguo yenye nakshi kwa kuwa ilimshughulisha katika swala. Pambo lina mahali pake. Tunakumbuka pia mama wa waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.), aliyefanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka katika alichokipata. Kazi ya mkono nyumbani haikuwa jambo dogo kwa waliotutangulia, na haifai tuione duni sisi.

Hadi tunaandika makala hii, mistari minane imekubaliwa. Wa tisa, mweupe juu ya mweupe, umekataliwa mara mbili. Kijana mwenye kofia anatarajia kuoa baada ya Idi, inshaallah, na mama yake ameanza kutuuliza kwa upole kama si busara kununua nyingine. Jumamosi iliyopita tulimfikishia bibi swali hilo. Alikuwa ameshika kitambaa magotini, kidole chake kikiusoma mstari wa tisa kutoka mwanzo. Kilisimama mahali pamoja.

"Hapa umevuta sana," alisema. "Kwingine kote ni sawa."

Kisha akamwagiza mjukuu wake wa kike aitoe kofia sandukuni, avitafute vile viua vitatu vilivyoraruka, na avizungushie penseli. Vitashonwa upya hivyo kwanza.

Ewe mama msomaji, kama nyumbani kwako yuko mkubwa ajuaye mshono usiujua wewe, nunua kipande cha marekani wiki hii, kaa naye. Usimwombe akupe kofia. Mwombe mstari mmoja.

Wabillahi tawfiq.