Nuru Ipimayo Mwendo wa Damu
Sehemu ya Pili: Mgonjwa Aliyeungua Moto

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza namna Christian Doppler, mwanachuoni wa Austria, alivyosema mjini Prague mwaka 1842 kuwa wimbi litokalo katika kitu kiendacho humfikia mpokezi likiwa limebadilika, na namna kauli yake ilivyopata ithibati miaka mitatu baadaye karibu na mji wa Utrecht, kwa wapiga tarumbeta waliopandishwa juu ya gari moshi. Doppler alikuwa akizishughulikia rangi za nyota. Leo hesabu yake imewekwa juu ya ngozi ya mgonjwa, na nataka tuitazame hususa kwa mgonjwa aliyeungua moto, kwa maana hapo ndipo ilipoonyesha manufaa yaliyo dhahiri kuliko mahali pengine.

Nuru ya leza, ambayo Theodore Maiman aliiwasha kwa mara ya kwanza huko Malibu, Marekani, mwaka 1960, ina sifa ambayo nuru ya jua na ya taa hazina: mawimbi yake ni ya urefu mmoja na huenda kwa mpango mmoja. Ikielekezwa kwenye ngozi kwa kiasi hafifu kisichochoma wala kuumiza, hupenya kadiri ya milimita moja, ikatawanyika huku na huko. Sehemu kubwa hukutana na nyama zilizotulia, ikarudi kama ilivyokwenda. Lakini ile inayozigonga seli nyekundu za damu, ambazo katika kapilari mwendo wake aghalabu haufiki milimita moja kwa sekunde, hurudi imebadilika kwa kiasi kidogo cha kustaajabisha. Nuru yenye wimbi la urefu wa nanomita 780 hutetemeka zaidi ya mara trilioni 380 kwa sekunde moja, ilhali badiliko lenyewe ni la mitetemo elfu chache tu. Hila iliyotumika kulinasa ni kuziacha nuru iliyobadilika na isiyobadilika ziangukie pamoja juu ya kipokezi kimoja. Na kama zumari mbili zinazokaribia kulingana, zikipulizwa pamoja, humfanya msikilizaji asikie mvumo unaopanda na kushuka, ndivyo kipokezi nacho kinavyoipata nuru inayozidi na kupungua, na upesi wa kuzidi na kupungua huko ndio habari ya mwendo wa damu.

Michael Stern alionyesha mwaka 1975 kuwa jambo hili linawezekana katika ngozi ya mtu aliye hai, na mwaka 1980 Gert Nilsson na wenzake wa Linköping, nchini Sweden, wakaeleza chombo kilichofaa kutumiwa na matabibu. Vyombo vya awali viligusa nukta moja tu ya ngozi. Baadaye vikaja vile ambavyo kioo chake hupitisha mwali juu ya kidonda chote bila ya kukigusa, vikachora picha ya rangi ambayo nyekundu ni mahali damu inapokwenda kwa wingi, na buluu ni mahali inapokaribia kusimama.

Sasa tuje kwenye kidonda. Moto ulioishia katika ngozi ya juu haumpi tabibu taabu, kwa kuwa kidonda chake hupona chenyewe. Na moto ulioteketeza ngozi yote mpaka kwenye mafuta nao hujulikana, kwa kuwa kidonda hicho, kikiwa kikubwa, hakina budi kupandikizwa ngozi. Shida iko baina ya hayo mawili. Vidonda viwili vilivyoingia katika ngozi ya ndani vinaweza kufanana kabisa siku ya pili, kisha kimoja kikafunga kwa majuma mawili, na cha pili kikapita mwezi kingali wazi, kikaacha kovu nene lenye kukaza kiwiko au shingo. Kidonda kikivuka majuma matatu bila ya kufunga, hatari ya kovu la namna hiyo huzidi sana. Mpasuaji akiharakisha kukata kile ambacho kingepona, amemfanyia mgonjwa jeraha la bure, na jingine tena pale alipochukua ngozi ya kupandikiza. Akingoja ili apate yakini, amempotezea majuma ambayo hayarudi. Jicho la tabibu mzoefu, kwa vidonda hivi vya katikati, hupata sawa kadiri ya mara mbili mpaka tatu katika kila nne. Siwalaumu matabibu, jicho limetakwa kuona lililo chini ya ngozi.

Mwendo wa damu huijua siri hiyo kwa sababu iliyo wazi. Ngozi mpya huota kutoka katika seli zilizosalimika kwenye mashina ya nywele na tezi za jasho, na seli hizo haziishi pasipo damu. Mahali mishipa midogo iliposalimika, hutanuka kwa sababu ya uvimbe, na damu hupita kwa wingi kuliko katika ngozi nzima. Mahali ilipoungua na kuziba, mwendo huwa dhaifu. Lakini wakati wa kupima una sharti lake. Katika siku mbili za mwanzo mishipa ingali inaendelea kuziba, na kidonda kinaendelea kuingia ndani, basi picha iliyopigwa mapema inaweza kumhadaa mwenye kuitazama. Wakati mwafaka ni tangu saa 48 mpaka siku ya tano. Mwaka 2011 taasisi ya Uingereza inayoshauri huduma ya afya ya taifa juu ya dawa na vyombo ilipendekeza kipimo hiki kwa vidonda ambavyo matabibu wazoefu wamevikagua na wangali na shaka navyo. Naona hukumu hiyo ni ya haki: chombo hakikuletwa kuchukua mahali pa tabibu, bali kumsaidia alipofikia ukomo wa macho yake.

Liko jambo linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Vitabu vingi vya utabibu humfundisha mwanafunzi kutafuta wekundu, na kubonyeza ngozi aone ikipauka kisha ikirudia rangi. Dalili hizo katika ngozi yetu hufichika. Ama kwa leza, melanini, yaani ile inayoipa ngozi weusi wake, huinywa nuru, nayo huinywa zaidi ile ionekanayo kuliko ile iliyo karibu na nyekundu isiyoonekana, ambayo vyombo vingi vya siku hizi huitumia. Tena melanini haiendi. Kwa hiyo hupunguza wingi wa nuru irudiyo, wala haitii badiliko lake lenyewe. Hata hivyo nuru ikipungua mno kipimo hudhoofika, na itafaa kila chombo kijaribiwe kwa ngozi za rangi zote kabla ya kuaminiwa.

Wala mtu asidhani kuwa tarakimu za chombo hiki ni mililita za damu. Ni vipimo vya kulinganisha, vinavyochanganya idadi ya seli ziendazo na mwendo wake, na hata ateri ikibanwa kabisa havishuki mpaka sifuri. Mtoto akitikisika, picha huharibika. Kidonda kilichoingia vijidudu huonyesha damu nyingi isiyokuwa dalili ya kupona, na marhamu iliyobaki juu yake huizuia nuru.

Kwa ajili hiyo namwomba msomaji jambo moja, awe karibu na hospitali kubwa au mbali nayo: aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno, mafuta wala majivu, maana vitu hivyo humficha tabibu hali ya kidonda, awe anakitazama kwa macho au kwa leza. Juma lijalo tutaeleza mguu wa mwenye kisukari, ambao ateri zake za kifundo huwa ngumu hata kipimo cha kawaida cha shinikizo la damu kikasema uongo.