Muuguzi Asisubiri Sahihi

Mtoto anapofikishwa hospitalini akiwa na degedege, wa kwanza kumpokea mara nyingi ni muuguzi. Daktari wa zamu yuko wodini au chumba cha upasuaji, na usiku pengine yuko peke yake kwa hospitali nzima. Je, muuguzi aanze tiba, au asubiri dawa iandikwe kwenye faili?

Miongozo ya tiba inayoanzishwa na wauguzi inajibu: aanze. Mwongozo wa aina hii ni amri ya daktari iliyoandikwa mapema. Unataja dalili ya kuanzia, dawa, dozi kulingana na uzito, muda wa kumpima mtoto upya, na hatua ambayo lazima daktari aitwe. Muuguzi hajajipa udaktari. Anatekeleza walichokubaliana wataalamu wakiwa wametulia, si saa nane za usiku huku mama analia.

Tuchukue mtoto wa kilo 10, macho yamepinduka, mikono na miguu inarushwa. Muuguzi anamlaza ubavu, anasafisha njia ya hewa, anamwekea oksijeni. Diazepamu ya njia ya haja kubwa ni nusu miligramu kwa kila kilo, kwa hiyo miligramu 5, yaani mililita 1 ya dawa yenye miligramu 10 katika mililita 2. Huvutwa kwa bomba dogo, sindano ikaondolewa, dawa ikaingizwa, kisha makalio yakabanwa kwa dakika chache isitoke. Papo hapo tone la damu linapimwa sukari. Ikiwa chini ya 2.5 kwa vipimo vya milimoli kwa lita, anapewa glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kilo: kwa huyu wetu, mililita 50. Dakika 10 zikipita na degedege halijakoma, diazepamu hurudiwa. Yote haya yanaweza kufanyika kabla daktari hajashuka ngazi. (Mzazi asijaribu dozi hizi nyumbani, wala asimtie mtoto kijiko mdomoni.)

Shirika la Afya Duniani limekusanya hatua hizi katika mafunzo yanayojulikana kwa kifupi kama ETAT, ambayo msingi wake ni kuwachuja watoto mara wanapofika: wa dharura, wa kutangulizwa, na wanaoweza kusubiri foleni. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, uchujaji na huduma ya dharura vilipopangwa upya, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Kilichobadilika zaidi ni mpangilio: nani aonwe kwanza, na nani aanze kutibu.

Lakini karatasi ukutani nayo inaweza kukosea. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko alimiminiwa dripu kwa kasi, na hakuna aliyetilia shaka. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuatilia zaidi ya watoto 3,000 wa aina hiyo Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya waliopewa maji hayo ya haraka, kama asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa, asilimia 7.3. Ndiyo maana mwongozo uwe na tarehe ya kupitiwa upya, na anayeutumia ajue sababu ya kila mstari. Muuguzi aliyekariri dozi tu hatatofautisha mtoto huyo na yule aliyekauka kwa kuhara, ambaye kweli anahitaji maji mengi kwa haraka.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kikwazo kikubwa hakimo kwenye sayansi. Kimo kwenye kabati. Diazepamu hufungiwa, na ni sawa ifungiwe. Lakini ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula, mwongozo haumsaidii mtoto. Kingine ni hofu: muuguzi anayejua kwamba ataulizwa “nani alikuruhusu?” atasubiri sahihi, na hatuna haki ya kumlaumu.

Basi waganga wafawidhi, wekeni sahihi zenu kwenye mwongozo leo, kabla mtoto hajafika. Na usiku wa leo ulizeni ufunguo wa kabati la dharura la watoto anao nani.